Lori Tupu au Mzigo wa Bei Duni?

(Haya ni maneno aliyosema ndugu yetu mmoja, karani wa mizigo wa reli, katika mkutano wa wafanyi kazi na wenye malori huko Changamwe. Wanachama wengi waliomba yapigwe chapa, nasi tumeyaweka hapa kama alivyoyasema.)



Nimeombwa niseme juu ya neno ambalo limewagombanisha watu katika hoteli za chai, toka hapa Changamwe mpaka Mlolongo. Neno lenyewe ni hili. Mtu ana lori lake moja. Amepeleka mzigo Nairobi, ameushusha salama, na sasa anataka kurudi pwani. Mzigo wa bei ya haki haupo. Afanye nini? Achukue mzigo wa bei duni, au ateremke Mombasa mtupu? Wengine husema mzigo wowote ni bora kuliko kubeba upepo. Wengine husema anayechukua bei duni anawasaliti wenzake. Nimeona marafiki wa miaka mingi wakiacha kusalimiana kwa sababu ya jambo hili.

Najua yuko mtu hapa anayejiuliza moyoni, "Huyu ni mtu wa reli. Malori yanamhusu nini? Si yeye ndiye anayetunyang'anya mizigo?" Swali hilo ni la haki, na mimi sitalikimbia. Ni kweli reli na lori hugombea mzigo mmoja. Mwaka 2018 treni za mizigo za reli mpya zilianza kupanda Nairobi, na baadaye amri zikatolewa kwamba makontena yapande treni. Wengi wenu mlilala njaa. Mwaka 2019 watu waliandamana hapa Mombasa, na mwezi wa Oktoba mwaka huo amri ile ikasimamishwa. Septemba 2022 serikali mpya ikasema kazi ya kutoa mizigo irudi bandarini Mombasa. Hayo yote mnayajua kuliko mimi, maana yaliingia katika sufuria zenu. Sikuja leo kuitetea reli. Nimekuja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni daftari langu la kazini. Ya pili ni shemeji yangu.

Nianze na daftari.

Kazi yangu ni kuandika mabehewa. Naandika namba ya behewa, kilichomo, uzito wake, na linakokwenda. Ukifungua daftari langu upande wa mabehewa yanayopanda bara, utaona maneno mengi: ngano, mbolea, chuma, nguo, mitambo. Ukifungua upande wa yanayoshuka, mara nyingi utaona neno moja: tupu, tupu, tupu. Yako mabehewa ya chai na kahawa na magadi, lakini ni machache ukilinganisha na yale yaliyopanda. Sababu yake si uvivu wa mtu wa reli wala ubaya wa dereva wa lori. Sababu ni kwamba nchi zetu hizi, Kenya na Uganda na majirani wanaopitia bandari hii, hununua vitu vingi vizito kutoka ng'ambo kuliko zinavyouza huko. Basi meli hushusha mengi na kupakia machache. Ndiyo maana lori lako hupanda Mazeras likinguruma, na kushuka likipiga kelele za debe tupu. Shida hii si ya mtu mmoja, ni ya njia nzima.

Wala si shida ya leo. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Wakubwa wa reli ya zamani waliona jambo hili hili: mabehewa yanapanda yamejaa na kushuka matupu. Wakafanya nini? Waliweka nauli nafuu kwa mazao yanayoshuka pwani, kama mahindi ya walowezi, nazo nguo na bidhaa nyingi za dukani zilizopanda wakazitoza nauli ya juu. Kwa hiyo mzee wa bara aliyenunua shuka dukani, yeye ndiye aliyelilipia behewa lililoshuka kwa bei ndogo, ingawa behewa hilo hakuliona kwa macho wala mahindi yale hayakuwa yake.

Hapo nimejifunza neno moja, na nawaomba mlishike, maana yote nitakayosema yametoka humo. Behewa tupu halitembei bure. Lori tupu halitembei bure. Lazima yuko mtu anayelilipia. Hatuulizi kama litalipiwa. Tunauliza ni nani atakayelipa. Kama nauli ya kupanda imehesabu na kurudi, aliyelipa ni mwenye mzigo. Kama haikuhesabu, aliyelipa ni mwenye lori. Mwenye lori akishindwa, hulipa dereva kwa usingizi wake. Dereva akishindwa, hulipa taniboi. Na taniboi naye akishindwa, hulipa mtu asiyejua lolote, aliyesimama kando ya barabara akingojea kuvuka.

Sasa nije kwa shemeji yangu.

Shemeji, mume wa dada yangu, alikuwa dereva wa kuajiriwa kwa miaka kumi na moja. Aliweka akiba, akauza ng'ombe wawili, akakopa kiasi kilichobaki, akanunua lori kuukuu lenye trela la sakafu. Siku alipolileta nyumbani tulichinja mbuzi. Safari za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha siku moja alishusha mzigo Nairobi akakosa mzigo wa kurudi. Alikaa siku mbili. Siku ya tatu dalali akamwambia, "Mzee, mzigo upo. Bei ni hii. Ukikataa, wako kumi nyuma yako." Bei yenyewe ilikuwa ya kusikitisha. Shemeji akanipigia simu kuniuliza, kwa kuwa mimi ni karani na anaamini najua hesabu. Nami nikamjibu, "Shemeji, chukua. Haba na haba hujaza kibaba."

Nasema hili mbele yenu ili mjue kwamba ushauri mbaya nami niliutoa, tena kwa methali nzuri.

Alichukua. Na safari iliyofuata akachukua tena. Yule dalali akamzoea, na bei ikateremka, maana mtu aliyekubali jana hana nguvu ya kukataa leo. Baada ya miezi saba lori lile lilikuwa halilali. Kila siku lina kazi, kila siku lina mzigo, na mwenyewe hana fedha ya tairi. Tairi la mbele likapasuka karibu na Maungu, usiku. Lori lilitoka barabarani. Namshukuru Mungu hakufa mtu, lakini taniboi, kijana wa miaka ishirini na mmoja, alivunjika mguu mahali pawili. Waliomkopesha shemeji wakalichukua lori. Leo shemeji yangu ameajiriwa tena, anaendesha lori la mtu mwingine, na deni bado analo.

Nilikwenda hospitali kumtazama yule kijana. Nilimkuta mama yake ameketi kando ya kitanda. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Gari hilo lilikuwa na kazi kila siku. Mbona halikuwa na tairi?"

Sikuwa na jibu. Mimi niliyefundishwa hesabu katika shule ya misheni sikuweza kumjibu mama asiyejua kusoma. Nilirudi nyumbani nikachukua kalamu. Haya ninayowaambia sasa ndiyo niliyoyapata, na ninayasema mbele yenu kama jibu lake.

Tufanye hesabu pamoja. Namba nitakazotoa ni za mfano tu, ili hesabu iwe nyepesi. Kila mtu aweke zake, tena azibadilishe kila mara, maana bei ya mafuta hutangazwa upya tarehe 14 ya kila mwezi.

Kutoka Mombasa mpaka Nairobi kwa barabara ni kama kilomita 480. Tuseme lori likipanda na mzigo linakunywa lita 300 za dizeli, maana Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya meta 1,600, na mzigo wote huo lazima uinuliwe. Likishuka tupu linakunywa lita 150. Tuseme lita moja ni shilingi 170. Kupanda ni shilingi 51,000, kushuka ni 25,500, jumla 76,500. Dereva na taniboi, mshahara na chakula cha safari, tuseme 10,000. Matairi, oili na matengenezo, tuseme 13,500. Hapo tumefika 100,000 kamili. Kama nauli ya kupanda ni 130,000, mkononi zimebaki 30,000. Safari nzima ni siku tano, basi lori limeleta 6,000 kwa siku. Lakini lina deni na bima, tuseme 5,000 kwa siku, yaani 25,000 kwa siku tano. Basi zilizobaki kwa mwenye lori ni shilingi 5,000. Huyo amepata kidogo, lakini amepata. Na tazameni vizuri: amepata ingawa ameshuka mtupu, kwa sababu nauli yake ya kupanda ilikuwa imehesabu na kurudi.

Sasa dalali anampa mzigo wa kurudi kwa shilingi 15,000. Je, ni faida ya 15,000? Wengi husema ndiyo, maana walikuwa wanashuka tu. Hebu tutazame mzigo huo unaongeza gharama gani. Lori likishuka na mzigo litakunywa lita 200 badala ya 150. Lita 50 zaidi ni 8,500. Makuli na mahali pa kupakia, 3,000. Matairi na breki, maana kushuka mteremko na tani nyingi si mchezo, 3,000. Dalali naye huchukua chake, 2,500. Jumla ni 17,000. Basi mzigo huo wa 15,000 umekutoa shilingi 2,000 mfukoni. Ungeshuka mtupu ungefika pwani na fedha zaidi, na usingizi zaidi.

Tuseme anakupa 30,000. Hapo, kama unapakia siku hiyo hiyo, unatoa 17,000 na kubaki na 13,000. Huo ni mzigo mzuri, uchukue. Usisikilize anayekuita msaliti. Ingawa bei yake iko chini kabisa ya nauli ya kupanda, imelipa kila ilichoongeza, na imekuachia kitu.

Lakini subiri. Kama kuupata mzigo huo wa 30,000 ulikaa siku mbili Mlolongo, hesabu imebadilika. Chakula na posho ya watu wawili kwa siku mbili, tuseme 3,000. Sasa gharama ni 20,000. Na kama hapa Mombasa kulikuwa na kontena linakungoja, siku mbili hizo lori lingeleta 6,000 kwa siku, yaani 12,000 nyingine umezipoteza. Jumla ni 32,000. Mzigo wa 30,000 umekula 32,000! Lakini kama Mombasa hakuna kazi, na lori lingelala tu uani, hapo hukupoteza zile 12,000, na mzigo bado unakufaa. Mnaona? Mzigo ule ule, bei ile ile, mara ni faida na mara ni hasara. Kwa hiyo wanaogombana hotelini wote wana haki, na wote wamekosa. Mmoja anasema chukua daima, mwingine anasema kataa daima, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hesabu.

Na mwenye trela la kontena lisilo na sakafu, yeye hana hata la kuchagua katika magunia. Kazi yake mara nyingi ni kulirudisha kontena tupu pwani kabla siku hazijapita, maana zikipita hutozwa faini kwa kila siku. Huyo akipatana nauli ya kupanda bila kutaja kurudi, amejifunga kamba shingoni kabla hajavuka Mariakani.

Sasa nije kwenye jambo lililomuua shemeji yangu kibiashara, nalo ni baya kuliko mzigo duni wa kurudi. Mtu akizoea bei ya kurudi, huanza kuitaja hata katika kupanda. Anasema moyoni, "Nitapanda kwa 110,000, maana nitapata kidogo cha kurudi." Hesabuni. Nauli 110,000, gharama za njia 100,000, zimebaki 10,000, na deni na bima ni 25,000. Kila safari amekosa 15,000. Lakini yeye haoni, kwa sababu mkononi ana fedha taslimu, na dereva amelipwa, na tangi lina mafuta. Hizo 15,000 zinatoka wapi? Zinatoka katika tairi ambalo hakulinunua, na breki ambayo hakuitengeneza, na bima aliyoiacha ikaisha. Mtu huyo hafanyi biashara ya kusafirisha mizigo. Mtu huyo anakula lori lake, kipande kwa kipande, na siku moja atafika kwenye mfupa.

Basi mama, hili ndilo jibu. Lori lilikuwa na kazi kila siku, na kila siku kazi hiyo ilikuwa inakula tairi.

Yako na jambo jingine, ndugu zangu, na hili ni la dhamiri. Mzigo wa kurudi kwako ni mzigo wa kwenda kwa mwenzako. Chai ya milimani hushuka Mombasa kwa mnada, na mnada huo umekuwa hapa tangu 1969. Yuko mtu Kericho mwenye lori moja kama wewe. Yeye safari yake ya kwanza ni kushuka na chai, na safari yake ya kurudi ni kupanda. Nauli ya chai ndiyo inayolipa deni lake na karo ya watoto wake. Wewe ukipita huko na lori lililokuwa linarudi tupu, ukasema, "Nitabeba kwa nusu," umemwangusha. Naye atafanya nini? Atafika Mombasa ana njaa, na kwa kuwa yeye sasa anarudi nyumbani, atasema, "Nitapanda na kontena kwa nusu." Wewe umemwua katika kushuka, na yeye anakuua katika kupanda. Mwenye godauni anakula ncha zote mbili, wala hakufanya hila yoyote, tulimpelekea wenyewe.

Wako watakaosema, "Wewe karani una mshahara wa mwezi. Unasema hivyo kwa sababu benki haikupigii simu. Mwenye njaa hana miiko, na heri nusu shari kuliko shari kamili." Ndugu, sikudharau. Najua mtu aliye mbali na nyumbani, hana fedha ya dizeli ya kurudi, hana budi kuchukua atakachopewa ili afike. Siku hiyo achukue, wala asihukumiwe. Lakini tuulize, kwa nini alifika Nairobi hana dizeli ya kurudi? Ni kwa sababu nauli ya kupanda ilikuwa pungufu, au ilikuwa haijalipwa, au aliitumia yote. Njaa ya kurudi hupandwa wakati wa kwenda. Dalali wa Nairobi haitengenezi njaa yako. Yeye huivuna tu.

Sasa tufanye nini? Nina maneno matano, nanyi mtaongeza yenu.

La kwanza, daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la shilingi chache, andika kila safari: mafuta, siku za kungoja, tairi, dalali, faini. Katika Injili yuko mtu aliyetaka kujenga mnara, akaonywa aketi kwanza ahesabu gharama kama ataweza kuumaliza. Lori ni mnara wako. Baada ya miezi mitatu utajua namba yako mwenyewe, wala hutauliza karani wa reli kwa simu.

La pili, nauli ya kupanda ihesabu na kurudi. Mwambie mwenye mzigo waziwazi tangu mwanzo. Na utafute mzigo wa kushuka kabla hujaondoka Mombasa, wakati bado una nguvu ya kusema hapana, si baada ya kushusha, ukiwa umesimama na tangi tupu.

La tatu, weka kiwango chako cha chini cha kurudi, kiandike kwenye karatasi, umpe dereva. Mzigo ukilipa gharama zote ulizoongeza, na siku ulizongoja, na kukuachia kitu, achukue. Usipolipa hizo, awashe gari aje. Kushuka mtupu si aibu. Mkulima halimi mwezi wa kiangazi kwa kuogopa kuonekana ameketi.

La nne, yako mambo ambayo hayauzwi hata kwa bei nzuri. Sheria ya Kenya inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya 2013 inasema gari na mzigo wake lisipite tani 56, tena kila ekseli ina kipimo chake. Bei duni daima huja na shetani wake anayenong'ona, "Ongeza magunia kidogo, usilale leo, mpunguzie taniboi." Nawaambia wenye malori: posho ya taniboi si mahali pa kufidia bei uliyoipatana vibaya. Yeye hakuwako mlipopatana. Na ninyi madereva na mataniboi, mwambieni mwenye lori mapema tairi likiwa limeisha, na mkatae kulipandia. Chama kitakuwa nyuma yenu.

La tano, umoja. Hapa nitasema kwa uangalifu, kwa kuwa mimi si mwanasheria. Mfanyi kazi wa mshahara ana haki ya kuungana na wenzake wadai mshahara mmoja. Lakini mwenye lori mbele ya sheria ni mfanya biashara, na Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza wafanya biashara wanaoshindana kukaa na kupatana bei. Kwa hiyo sisemi mkutane gizani mseme, "Tutoze hivi." Nasema mfanye ushirika wa kweli, ulioandikishwa, ambao ndio unaopatana kazi na wenye mizigo kwa mkataba, na malori yenu yanafanya kazi chini yake kama nyumba moja. Muulizeni mwanasheria kwanza, awaonyeshe njia iliyo wazi. Ushirika wa malori ishirini unaweza kumweka karani mmoja Nairobi atafute mizigo ya kushuka, na dalali akaondoka katikati. Unaweza kununua matairi kwa wingi. Unaweza kuweka mfuko mdogo wa kumkopesha mwenzenu dizeli ya kurudi, ili asipigiwe magoti na mtu kwa sababu ya lita 150. Mfuko huo peke yake ungemwokoa shemeji yangu siku ile ya tatu.

Msidhani haya ni ndoto. Zamani makuli wengi wa bandari hii walikuwa vibarua wa kutwa. Asubuhi mtu alisimama kungojea kuchaguliwa, na nyuma yake wako wengine wenye njaa kama yeye. Ni maneno yale yale ya dalali: ukikataa, wako kumi nyuma yako. Lakini Januari 1947 makuli na watu wa reli na wafanyi kazi wengine wa Mombasa waligoma pamoja, na wale kumi wa nyuma wakasimama upande mmoja na yule wa mbele. Hawakuwa matajiri kuliko sisi. Wengi wao hawakuweza kuandika majina yao. Lakini walijua jambo moja, kwamba bei duni haina nguvu ila ile inayopewa na aliye nyuma yako.

Ndugu zangu, sikuwaambia mchukue, wala sikuwaambia mkatae. Nimewaambia mhesabu, na mhesabu pamoja. Mwezi ujao tutakutana hapa hapa. Kila mwenye lori aje na daftari lake lenye safari za mwezi mmoja, zilizojaa na zilizo tupu. Mimi nitakuja na kalamu na karatasi, na tutafanya hesabu ya kila mmoja bila malipo, jioni kutwa kama ikilazimu. Na yule kijana wa taniboi, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, amekubali kuja. Anajua kusoma na kuandika vizuri, na ushirika ukisimama utahitaji karani.

Umoja ni nguvu.